Chakula cha Kikantoni: Ladha zatofautiana, lakini ndengu ni ile ile

MKULIMA wa Kiritiri, katika eneo la Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu, anapomuuzia dalali gunia la ndengu, huamini kwamba zao hilo litaishia ndani ya sufuria ya mchuzi, lipate kuliwa kwa chapati au wali. Si ajabu akiamini hivyo, kwani ndivyo ndengu ziliwavyo nyumbani kwake.

Hata hivyo, kwenye jiko la mpishi wa Kikantoni, punje ya aina hiyo hiyo hulowekwa, ikaachwa gizani hadi iote, kisha machipukizi yake meupe yakakaangwa kwa muda mfupi mno katika karai lililoshika moto mkali. Mlaji wa sahani hiyo haiiti ndengu, na mkulima aliyeipanda hamjui mlaji huyo.

Pengo hilo kati ya shamba na sahani ndilo linaloupa uzito mjadala ambao wengi huudhania kuwa wa watu walioshiba: chakula halisi cha Kichina ni kipi, na kinapatikana wapi? Nchini Kenya, jibu la swali hilo haliishii kwenye ulimi. Linaamua pia ni nani atakayeuza nini, kwa nani, na kwa bei gani.

Maana ya Kikantoni

Kwanza ni vyema kuondoa utata wa majina. Hakuna chakula kimoja cha Kichina, kama vile hakuna chakula kimoja cha Kiafrika. Neno Kikantoni latokana na Canton, jina ambalo Wazungu waliutumia kuuita mji wa Guangzhou, makao makuu ya mkoa wa Guangdong kusini mwa China. Mapishi hayo ndiyo pia yatawalayo Hong Kong.

Sifa kuu ya upishi wa Kikantoni ni kutoficha ladha ya asili ya kitu kinachopikwa. Samaki hupendelewa akiwa hai hadi saa ya kupikwa, akapikwa mzima kwa mvuke pamoja na tangawizi na vitunguu vya majani, kisha akamwagiwa mchuzi wa soya. Bata na nguruwe huokwa. Asubuhi watu hunywa chai pamoja na dim sum, yaani vitafunio vidogo vidogo, vingi vikiwa vya unga uliojazwa kamba au nyama na kupikwa kwa mvuke.

Mapishi ya mkoa wa Sichuan, ulio mbali na pwani, ni kinyume kabisa. Huko pilipili ndiyo mfalme, na ipo nyingine inayoutia ulimi ganzi. Mtu aliyezoea chakula cha Sichuan huweza kukiona cha Guangdong kuwa ni cha wagonjwa. Naye Mkantoni husema kwamba pilipili nyingi ni pazia la kufichia samaki aliyelala.

Nairobi ilipokea ladha hizi kwa awamu. Wakazi wake wa miaka ya 1990 wanaikumbuka mikahawa kama Hong Kong katika barabara ya Koinange, Pagoda katika Moi Avenue na Tin Tin katika jumba la KICC. Wateja wake wengi walikuwa watalii, maafisa wa mashirika na Wakenya wenye uwezo, na chakula kilichozoeleka humo kilikuwa cha mtindo wa Hong Kong uliolainishwa: nyama ya sukari na siki, wali wa kukaangwa na tambi.

Njia ya pili ilipitia India. Kolkata ina jamii ya Wachina iliyokaa huko kwa vizazi kadhaa, na kutokana nayo yalizuka mapishi ya Kichina yaliyotiwa viungo vya Kihindi. Kuku wa Manchuria, ambaye hajulikani huko Manchuria kwenyewe, hunasibishwa na mpishi Nelson Wang aliyempika jijini Mumbai mwaka 1975. Mapishi ya namna hiyo yaliingia katika mikahawa ya Wahindi wa Nairobi na Mombasa, na kwa Wakenya wengi hicho ndicho Kichina wakijuacho na wakipendacho.

Awamu ya tatu ililetwa na barabara na reli. Kampuni tatu za China zilijenga barabara kuu ya Thika kati ya 2009 na 2012, kisha reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ikafunguliwa mwaka 2017. Wahandisi na wafanyabiashara kutoka mikoa mbalimbali ya China walitaka chakula cha kwao, si kile cha watalii. Katika mitaa kama Kilimani na Hurlingham ikachipuka mikahawa ambayo mteja wake wa kwanza ni Mchina mwenyewe.

Ndiposa mabishano hayaishi. Anayetaka Kikantoni cha kweli hukerwa akiletewa kuku wa Manchuria. Aliyelelewa kwa kuku huyo hukiona kile cha kweli kuwa hakina chumvi. Naye mkazi wa Kiritiri, aliyezoea nyama ya mbuzi ya kuchoma na ugali, huuliza kama sahani ile ya majani na tambi inaweza kumshibisha mtu aliyetoka shambani.

Hofu na kinaya

Yako pia mabishano yasiyohusu chumvi. Mikahawa ya Kichina imeandamwa na uvumi kuhusu mbwa, paka na nyoka. Haifai kuupuuza uvumi huo kwa kusema kwamba hauna asili yoyote, wala haifai kuukuza.

Ukweli ni kwamba nyama ya mbwa imekuwa ikiliwa katika sehemu za China, Guangdong ikiwemo, lakini si chakula cha kila Mchina wala cha kila siku. Mji wa Shenzhen, ulio ndani ya mkoa huo huo, ulipiga marufuku ulaji wa mbwa na paka kuanzia Mei 1, 2020. Februari mwaka huo, serikali ya China ilikuwa imepiga marufuku biashara ya wanyama wa porini kwa chakula. Kumbukumbu ya ugonjwa wa SARS, ulioanzia Guangdong mwishoni mwa 2002 na kuhusishwa na masoko ya wanyama hao, haikuwa imefutika.

Hata hivyo, kinaya hakikosekani. Mkenya anayekunja uso akionyeshwa miguu ya kuku iliyopikwa kwa mvuke ndani ya dim sum, huenda jioni hiyo hiyo akasimama kando ya jiko la mkaa akisubiri kukatiwa mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama na damu. Supu ya kichwa na kwato haimtishi. Miguu na vichwa vya kuku huuzwa katika mitaa mingi ya Nairobi, na wanaovinunua si Wachina.

Kinachoitwa uchafu katika chakula, basi, mara nyingi si kitu chenyewe bali ni ugeni wa mpishi. Wakazi wa Shimoni na Vanga, Kaunti ya Kwale, wanalijua jambo hili vyema. Kwa miaka mingi wapiga mbizi wa huko wamekuwa wakitoa majongoo bahari, wakawachemsha na kuwakausha kwa ajili ya soko la Hong Kong, ilhali wao wenyewe hawawali. Kwa Mkantoni, jongoo bahari ni chakula cha karamu.

Pale ugeni unapogeuka kuwa dharau, madhara huwa makubwa zaidi. Machi 2015, mkahawa mmoja wa Kichina katika mtaa wa Kilimani ulifichuliwa kuwa ukiwazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Wakenya waliwaka kwa hasira, na serikali ya kaunti ikaufunga kwa kukosa leseni zinazohitajika.

Miaka mitano baadaye kioo kiligeuzwa. Aprili 2020, wakati wa hofu ya virusi vya corona, Waafrika waishio Guangzhou, Wakenya wakiwemo, walifukuzwa kutoka nyumba na hoteli walimokuwa wakiishi. Tawi moja la McDonald's mjini humo liliweka tangazo la kuwazuia watu weusi kuingia, na kampuni hiyo ikalazimika kuomba radhi.

Matukio hayo mawili yanaonyesha kwamba swali la mahali pa kupata chakula fulani huandamana na swali la nani anayeruhusiwa kuketi mezani. Mfanyabiashara wa Kenya aendaye Guangzhou kununua bidhaa hutafuta mkahawa wa Kiafrika katika mtaa wa Xiaobei, sawa na vile mtu wa Guangdong aliyeko Nairobi atafutavyo uji wake wa mchele. Njaa ya nyumbani haina rangi.

Punje moja, njia mbili

Kutoka mezani, turejee shambani. Kiritiri iko katika ukanda mkavu ulio chini ya Embu, kuelekea Mto Tana. Mvua yake ni haba na haitabiriki, na ndiyo maana ndengu, mtama, kunde na mbaazi hustahimili kuliko mahindi. Ndengu hukomaa kwa takriban miezi miwili hadi mitatu, na huweza kuvunwa hata msimu ukikatika mapema.

Jina lake hubadilika kwa kadiri ya mahali: ndengu bara, pojo pwani, choroko Tanzania. Mapishi nayo hubadilika. Mwenyeji wa Kiritiri huipika kwa kitunguu na nyanya. Mswahili wa Mombasa huitia tui la nazi. Mkantoni huipika na sukari hadi ivurugike, akainywa kama uji mtamu wakati wa joto kwa imani kwamba hupoza mwili. Mkenya wengi wetu angeshangaa kutiliwa sukari kwenye ndengu, kama ambavyo Mkantoni angeshangaa kuiona imekaangwa na nyanya na kuliwa kwa chapati.

Matumizi yanayoigusa mikahawa zaidi ni machipukizi. Ndengu hulowekwa usiku mmoja, maji yakachujwa, kisha zikafunikwa mahali penye giza na kumwagiwa maji safi mara kadhaa kwa siku. Baada ya siku tatu hadi tano huwa tayari. Kilo moja ya ndengu kavu huweza kutoa zaidi ya kilo tano za machipukizi, bila shamba, bila mbolea na bila kungoja mvua.

Kwa maneno mengine, thamani huongezeka kwa maji, giza na usafi. Hayo hayahitaji kiwanda. Lakini yanahitaji ujuzi wa kile ambacho mlaji anakitaka, na hapo ndipo mkulima anapoachwa nyuma.

Mpishi wa machipukizi hahitaji ndengu yoyote ile. Anataka punje za ukubwa mmoja, za msimu huu, zisizotobolewa na fukusi na zinazoota zote kwa pamoja. Fauka ya hayo, punje zilizopakwa dawa ya kuua wadudu hazifai kabisa, kwa kuwa huliwa muda mfupi baada ya kuota.

Usafi nao si jambo la mzaha. Joto na unyevu unaoiotesha ndengu huzalisha bakteria pia. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, machipukizi ya uwatu yalisambaza maradhi yaliyowaua zaidi ya watu 50. Anayetaka kuwauzia wenye mikahawa sharti aanze na maji salama, la sivyo biashara itazikwa pamoja na wateja.

Utafiti umefanya sehemu yake. Shirika la KALRO, kupitia kituo chake cha Katumani, limetoa aina za ndengu kama N26, KS20 na, katika miaka ya karibuni, Biashara, Karembo na Ndengu Tosha. Serikali ya Kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilifanya kampeni kubwa ya kuwahimiza wakulima wapande zao hilo. Funzo lililopatikana ni kwamba kuhimiza kilimo bila kutafuta mnunuzi kwanza humwacha mkulima akiwa na magunia ndani ya nyumba na dalali mlangoni.

Gunia likishachanganywa na mengine sokoni, ndengu ya Kiritiri hupoteza kwao. Hulipwa kwa bei ya ndengu mbovu kuliko zote zilizomo.

Funzo la muguka na punda

Wakazi wa Mbeere hawahitaji kufundishwa kwamba ladha ya mtu wa mbali huweza kuyumbisha kipato chao. Mei 2024, Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa muguka katika kaunti yake, na Kilifi ikafuata. Mahakama Kuu mjini Embu ilisimamisha marufuku hayo kwa muda, lakini mkulima alikuwa ameshaiona hatari ya kutegemea zao moja na walaji wa upande mmoja.

Soko la China nalo lina sura mbili. Vichinjio vya punda vilivyofunguliwa nchini kuanzia 2016 vilihudumia hasa biashara ya ngozi, ambayo hutengenezewa dawa ya kiasili iitwayo ejiao. Wizi wa punda uliongezeka, na familia zilizotegemea mnyama huyo kubeba maji zikaumia. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8, ile ya 2019 ilipata takriban milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Muungano wa Afrika wakaafikiana kuusitisha barani kote kwa miaka 15.

Tofauti kati ya punda na ndengu ni dhahiri. Punda akichinjwa, kazi yake imekwisha. Ndengu huvunwa na kupandwa tena. Soko la kwanza lilichukua kile ambacho maskini alikihitaji, la pili linaweza kumlipa kwa kile anachojua kukilima.

Samaki ni mfano mwingine. Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yamejipanga kwenye Mto Tana, si mbali na Kiritiri, na yana ngege na kambare. Ilhali kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikiagiza ngege waliogandishwa kutoka China, jambo lililozua malalamiko makali ya wavuvi mwaka 2018. Guangdong ni miongoni mwa mikoa inayoongoza China kwa ufugaji wa samaki huyo, ambaye asili yake ni Afrika.

Kwa hivyo, Mkenya anayeapa kwamba hawezi kuonja chakula cha Kikantoni, huenda amekwisha kula samaki wa Guangdong mara nyingi bila kujua. Naye Mkantoni, akiwa na hiari, hamtaki samaki aliyegandishwa. Anamtaka yule anayerukaruka ndani ya beseni, ambaye mvuvi wa Tana ndiye aliye na uwezo wa kumleta.

Njia ya mbele

Mwezi Juni 2025, China ilitangaza nia ya kuondoa ushuru kwa bidhaa za mataifa 53 ya Afrika yenye uhusiano nayo wa kidiplomasia, Kenya ikiwa mojawapo. Tangazo hilo liliamsha matumaini, lakini historia ya parachichi yatufunza kutoshangilia mapema. Mkataba wa 2019 uliruhusu parachichi zilizogandishwa pekee, sharti ambalo wauzaji wachache waliweza kulitimiza. Ni hadi 2022 ndipo parachichi mbichi ziliporuhusiwa na kuanza kusafirishwa. Kizuizi hakikuwa ushuru, bali masharti ya usafi na wadudu.

Kwa mkulima wa ekari mbili Kiritiri, soko la karibu zaidi la mlaji wa Kichina haliko Guangzhou. Liko Nairobi, safari ya saa chache kwa barabara, katika mikahawa ile ile ambayo wateja wake hubishana kama machipukizi yakaangwe kwa mafuta kidogo au yatiwe pilipili. Mikahawa ya Kikantoni, ya Kisichuan na ile ya Kihindi hutofautiana kwa kila kitu, lakini yote huhitaji mboga mbichi, samaki na nafaka za jamii ya kunde kila wiki.

Vyama vya ushirika vya Mbeere vikisaidiwa kuchambua ndengu kwa daraja, kuzihifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa badala ya kuzipaka dawa, na kutia saini mikataba na wenye mikahawa kabla ya msimu wa kupanda, dalali atalazimika kushindana. Serikali ya Kaunti ya Embu ina maafisa wa kilimo. Kinachohitajika ni kuwatuma jijini wakaulize, si mashambani pekee wakahimize.

Mabishano ya ladha hayana mwamuzi, na haifai yawe naye. Anayependa kuku wa Manchuria aachwe amle, anayetaka samaki wa mvuke atafute mpishi wake, na mwenyeji wa Kiritiri asilaumiwe akisema kwamba hakuna kinachoizidi nyama ya mbuzi kwa chumvi. Mkulima halazimiki kukipenda chakula anachokiuza. Majongoo bahari wa Shimoni ni ushahidi wa kutosha.

Anacholazimika kukijua ni kile ambacho mwenzake anakipenda, na anakilipia kiasi gani. Asipokijua yeye, dalali anakijua, na msimu ujao ataegesha lori lake Kiritiri akiwa na gorogoro na bei aliyojipangia.